Orodha Iliyosagwa

Siku kumi na nane kabla ya harusi yake, fundi cherehani aliyejulikana kwa jina la Sindano alitangaza mbele ya mchumba wake na mbele ya cherehani mbili kwamba kadi za mwaliko hazitanunuliwa. Zitatengenezwa. Tena si kwa kuandika kwenye karatasi za dukani, kama wafanyavyo watu wasio na imani. Karatasi yenyewe ingezaliwa humu humu chumbani, kati ya meza ya kukatia na kapu la vitambaa.

"Mm," alisema mchumba wake.

Huyo alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita Friza, si kwa sababu ya kazi yake tu. Maneno yake ya siku nzima yangeenea nyuma ya tiketi ya basi na nafasi ikabaki. Sindano alimpenda hivyo hivyo. Yeye alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili, na mengine ya akiba.

Malighafi ilitoka kwa baba mkwe. Mzee huyo alikuwa amestaafu ualimu mkuu, ila ualimu mkuu wenyewe ulikuwa bado haujamstaafu: hata chai aliinywa kama mtu anayesimamia mtihani. Alikuwa na gunia la karatasi za shule za miaka thelathini, mitihani, ripoti na barua za kuwaita wazazi. Aliliburuta mpaka mlangoni kwa Sindano, akalitua kwa taadhima, kama mtu anayekabidhi nchi.

"Saga," alisema. "Limeshafanya kazi yake."

Kisha akachomoa mfukoni karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa orodha ya wageni wa upande wake, watu arobaini na mmoja, kwa wino mwekundu, maana hakuwahi kumiliki kalamu ya rangi nyingine tangu aajiriwe. Na kwa kuwa hakuamini katika kuchafua karatasi safi, aliiandika nyuma ya mtihani wa Jiografia wa kidato cha pili.

"Binti, nakala ni hii tu. Dada yangu anasema wewe ni mtu wa papara, na kwamba shughuli yote akabidhiwe yeye. Nimemwambia tusubiri. Majina haya yakifika salama kwenye bahasha, harusi ni yako. Yakipotea, ni ya kwake."

Huyo dada mtu, shangazi yake Friza, alikwisha kutamka hadharani kwamba harusi isiyo na washereheshaji watatu, pamoja na hotuba yake mwenyewe ya saa nzima, si harusi bali ni kikao.

"Yatafika, baba," alisema. Na ili orodha isipotee, akaiweka mahali pa wazi kuliko pote. Juu ya gunia.

Mara akaingia mteja mwenye suruali iliyochanika pasipotajika. Sindano akamwambia Friza bila kugeuka, "Chana makaratasi yote ya hapo kwenye gunia, uyaloweke," akapokea suruali.

Friza alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Aliyachana yote.

Kesho yake karatasi zilisagwa kwa blenda, zikamwagwa kwenye beseni, zikachotwa kwa kipande cha chandarua kilichopigiliwa kwenye fremu ya picha, zikaanikwa kwa vibanio kama soksi. Ndipo ajabu ikatokea. Zilikuwa za waridi! Miaka thelathini ya wino mwekundu, yaani makosa ya maelfu ya watoto wa watu, yalikuwa yameyeyuka pamoja na kutoa rangi laini ambayo hakuna duka lingekuwa nayo.

Sindano alizikata kwa namna pekee aliyoijua: utepe wa kupimia, chaki, na sentimita moja na nusu ya mshono kila upande. Bahasha ya kwanza ilitoka na pindo la chini. Ya pili ilikuwa na mkanda. Ya tatu, kwa mazoea tu ya mikono, ilipata mfuko wa nyuma. Friza aliutia kidole, akaridhika.

Kadi moja ilikauka kabla ya wenzake. Sindano aliiandika kwa mwandiko wake wa sikukuu, akamtuma Friza aipeleke kwa shangazi yake, ili mama huyo ajionee papara ilivyo na adabu. Friza akaenda, akarudi.

Sindano alikuwa anaipiga pasi kadi ya pili aliposhtuka. Blenda haikuwa imesaga kila kitu. Huku na huku vilibaki vipande vya ukubwa wa ukucha: "alama kumi", "usigeuze uku", "mvua za". Halafu, pembeni kabisa, kwa mkono na kwa wino mwekundu: "anakula sana, akae mbali na jiko."

Hilo halikuwa swali la Jiografia.

Aligeuka kulitazama gunia. Lilikuwa limelala sakafuni, tupu kama tumbo la mwanafunzi wa bweni saa nne asubuhi.

"Friza. Ile karatasi iliyokuwa juu ya gunia iko wapi?"

"Nilianza nayo."

Tangu Jumatatu hakuwa amesema sentensi ndefu kama hiyo.

Saa moja baadaye Sindano alikuwa sebuleni kwa baba mkwe, mkoba mapajani, Friza akimsubiri nje. Alikuwa amejitungia hila njiani.

"Baba, naomba unisomee yale majina kwa sauti, nisije nikakosea vyeo vya watu."

"Wazo zuri. Toa orodha."

"Nimeiacha mahali salama."

"Basi nitajie watano wa kwanza."

Sindano alijikuta amesimama, mikono nyuma. "Wa kwanza ni mjomba."

"Yupi?"

"Yule mrefu."

"Wajomba wetu wote ni wafupi. Wa pili?"

Sindano akafungua mkoba.

"Baba, nimeisaga," alisema Sindano, akatoa kadi mkobani.

Mzee aliipokea, akavaa miwani, akaielekeza dirishani. Sindano alingoja kufukuzwa. Lakini midomo ya mzee ilianza kucheza, ikafika kwenye neno "jiko", ikasimama.

"Haya maandishi yanasomeka?"

"Hapa na pale, baba. Sikujua kwamba majina yalikuwa na maoni."

"Yote yana maoni," alinong'ona. "Mazoea ya kujaza ripoti. Zimeshatoka ngapi?"

"Moja tu. Kwa shangazi."

Mzee alikuwa tayari anatafuta kiatu cha pili. Wakamzoa Friza mlangoni, wakaondoka mbio mbio.

Walimkuta shangazi dirishani, kadi mkononi, miwani miwili usoni, mmoja juu ya mwenzake.

"Karibuni! Kadi nzuri, sikatai. Ila kaka, hapa pameandikwa: 'Anaongea mno. Asipewe kipaza sauti kwa vyovyote vile.' Na huu ni mkono wako. Nani huyo?"

Mwalimu Mkuu, aliyewahi kunyamazisha mabweni sita kwa kukohoa, alifungua kinywa ikatoka hewa tupu. Sindano aliiona harusi yake inatoka mlangoni, imeshikwa mkono na washereheshaji watatu.

"Ni ripoti ya shule, shangazi," alisema. "Gunia lilijaa ripoti za zamani."

"Ripoti ya nani?"

Macho ya Sindano yalizunguka chumba yakamkuta mchumba wake amesimama karibu na jokofu, akilisikiliza linavyonguruma.

"Yake."

"Huyu? Huyu ambaye salamu tu mpaka umkumbushe?"

"Kidato cha pili alikuwa hivyo," akadakia Mwalimu Mkuu, sauti ikimrudia. "Bweni halikulala. Ilibidi tumrekebishe."

"Mkamrekebisha mpaka akakauka! Mwanangu, ni kweli haya?"

Wote wakamgeukia Friza. Friza akamtazama Sindano, akamtazama baba yake, akalitazama jokofu.

"Nilikuwa siwezi kujizuia," alisema.

Shangazi alimkumbatia huku machozi yakimlenga. "Maskini! Basi sikiliza. Hotuba yangu nakuachia wewe. Saa nzima! Useme yote waliyokunyima kusema. Na wewe binti, endelea na kazi yako, mtu anayeweza kunitolea haya yote kwenye gunia ana jicho."

Walipofika barabarani Mwalimu Mkuu akakohoa.

"Binti, kalamu unayo?"

Sindano akafungua daftari la vipimo vya wateja.

"Namba moja," alisema mzee. "Dada yangu."

"Niandike maoni, baba?"

Mzee aligeuka nyuma mara mbili.

"Usiandike."

Nyuma yao Friza alikuja taratibu, midomo ikicheza, akihesabu kwa vidole maneno ya kujaza saa nzima. Mpaka kona ya pili alikuwa ameshapata manne.