Tundu Dogo Kwenye Kifuniko cha Tenki

Nawaandikia akina mama ambao vijana wao wamenunua au kufufua gari bovu, na wanalipenda. Sisi hatuwezi kukaa bure tukiangalia. Tunataka kusaidia. Basi someni jinsi nilivyomsaidia Waitara, mwanangu wa pili, nusura nimrudishe shimoni.

Waitara alikuwa mchimbaji wa dhahabu huko Tarime kwa miaka mitatu, yeye na rafiki yake Mabula, kijana wa Kisukuma aliyekuja kutafuta maisha. Kila redio ikitangaza kwamba kifusi kimefukia watu, hata kama ni mkoa mwingine, mimi chakula hakipiti. Nililia naye mpaka akachoka. Akasema, "Mama, Landrova ya mzee ikitembea, nitaacha shimo. Isipotembea, usiniambie tena habari za shimo."

Landrova ya marehemu baba yake ilikuwa imekaa nyuma ya nyumba yetu hapa Busawe miaka kumi na moja, kuku wakitagia kwenye viti. Injini yake ya petroli ilishakufa. Waitara akapata injini ya dizeli iliyotoka kwenye Haisi iliyopinduka, akamleta fundi Felix aifunge. Felix alijifunzia ufundi Sirari, mpakani na Kenya, na maneno ya ng'ambo alirudi nayo yote.

"Mathe, hii ngoma itapanda hadi ukuta," aliniambia siku injini ilipowaka.

"Mimi siitwi mathe. Niite mama."

"Sawa, mathe. Sasa skiza. Adui wa dizeli ni maji. Maji yakiingia kwenye tenki, pampu kwisha, na kijana wako kwisha."

Hayo maneno aliyasema mvua zikiwa zimeanza. Mimi nikaenda kulikagua tenki. Kifuniko kilikuwa kipya, na katikati yake nikaona kitundu kidogo, kama kimetobolewa kwa sindano. Nikasema moyoni, ona, wamemuuzia mwanangu kitu kibovu, na hakuna aliyeona isipokuwa mama yake. Nikachukua tyubu ya baiskeli iliyochakaa, nikakata duara kwa mkasi, nikalibandika upande wa ndani wa kifuniko. Lilikaa vizuri, utadhani limetoka nacho kiwandani. Sikumwambia mtu. Msaada wa mama hautangazwi.

Kesho yake gari likaenda Mbalibali. Lilitembea kama nusu saa, likakohoa, likazima.

Felix akaenda kwa pikipiki, na mimi nyuma yake. Kwanza alibonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikabonyea, haikurudi juu. Akaenda nyuma, watu wakipiga kelele pande zote, akafungua kifuniko kuangalia kama dizeli ipo. Ikabonyea, haikurudi juu. "Filta imeziba," akasema. Akaweka mpya, akapiga staata, gari likanguruma. Watu wakampongeza. Mimi nikakifunga kifuniko mwenyewe, tena kwa nguvu zote, maana vijana hawa hufunga vitu kwa kulegeza.

Baada ya nusu saa likazima tena.

"Inavuta upepo," akasema Felix. Akafungua kifuniko, akaangalia dizeli, akabadilisha mipira yote ya kupitishia mafuta. Gari likawaka. Nikafunga kifuniko.

Wiki mbili zilikwenda hivyo. Alibadilisha filta tatu, akashusha tenki akaliosha kutu, akaazima hata pampu ya mtu. Kila alichobadilisha kilitibu ugonjwa kwa nusu saa. Mimi nilianza kumdharau, nikamuuliza alisomea wapi. Nilimwambia jirani yangu Eunice kwamba fundi gani huyu, angekuwa na umakini kama wangu tungekuwa tumemaliza.

Ndipo akatokea Imelda, mnunuzi wa mtama kutoka Mugumu. Alihitaji gari la kupita kwenye tope jeusi ambako malori yanakwama. Akamwambia Waitara, "Safari moja ya majaribio. Ukinitolea magunia kumi na tano Nyambureti bila kuzima, kazi ni yako msimu mzima. Ukizima, nitafute mwingine."

Siku hiyo nilipanda na mimi. Waitara alikataa, nikapanda. Imelda alikaa dirishani, mimi katikati, Felix nyuma juu ya magunia. Kabla ya kuondoka Nyambureti nilishuka kuhakikisha kifuniko kimekaza. Tulipita kwenye tope, tukalipita lori lililozama hadi ekseli, Imelda akatabasamu. Kwenye mlima, gari likakohoa. Nikaanza kusali. Likakohoa tena, likazima.

Felix akashuka, akabonyeza pampu ya mkono. Ikalala bapa. Akafunika uso kwa mikono. "Mura, ndugu yangu, nimeshindwa. Hii injini irudi ilikotoka."

Imelda hakugomba. Alitoa simu akaanza kutafuta gari lingine la kuja kuchukua mtama wake. Waitara akasogea pembeni, na yeye akapiga simu. Nilimsikia vizuri: "Mabula? Ile nafasi bado ipo? Basi kesho asubuhi niko hapo." Nikakaa kwenye nyasi zenye maji.

Felix akaenda nyuma na dumu, ili anyonye dizeli kabla gari halijavutwa. Akafungua kifuniko. Pale ndipo tenki lilipopiga sauti, "fyuuuu", ndefu kabisa, halafu bati lake likadunda, "tung'!" Wote tukageuka.

"Lilikuwa limebonyea!" Felix akapiga kelele. "Halina pumzi! Dizeli inatoka, upepo hauingii!" Akakigeuza kifuniko, akachokoa ndani kwa kucha, akatoa duara langu. "Huu mpira umetoka wapi? Huu umekatwa kwa mkasi!"

Waitara alimfikia kwa hatua mbili, akamkamata kola. "Wewe ndiye unayefungua hapa kila siku. Mura, ulikuwa unatuchezea? Ulitaka gari lisipone uendelee kuitwa?"

"Naapa kwa Mungu aliye juu, siujui!"

Nikainuka kwenye nyasi. Fundi alikuwa ameshaanza kutoa macho. Nikasema, "Mwachie. Ni mimi. Niliona tundu, nikaziba maji yasiingie."

Waitara akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. "Hilo tundu lina kazi yake, mama."

"Sasa najua."

"Mathe wewe!" Felix alikaa chini kwenye tope akicheka na machozi yakimtoka. "Filta tatu! Na wewe umesimama hapo unaniuliza nilisomea wapi!"

Gari liliwaka. Tulishuka hadi Mugumu bila gari kukohoa hata mara moja. Mtama uliposhushwa, Waitara akamgeukia Imelda, "Dada, ulisema bila kuzima. Limezima. Nashukuru kwa nafasi."

Imelda akavua miwani, akaifuta. "Nilisema lisizime. Hili limezimwa. Jumatatu tunarudia, na shikamoo yangu kwa mama, lakini yeye abaki nyumbani."

Jumatatu nilibaki. Nilifua nguo ambazo zilikuwa safi. Saa kumi gari likaingia uani likinguruma, Waitara akashuka na tope hadi masikioni, akapiga simu nikiwa nasikia: "Mabula, nafasi yangu mpe mtu mwingine. Ndiyo, msimu mzima."

Nilimshukuru Mungu. Halafu nikaliangalia tairi la nyuma, la kushoto. Nililiona kama limepungua upepo kidogo, na pampu ya baiskeli ilikuwa pale pale ukutani. Nikaingia ndani kuchambua mboga.