Imehifadhiwa

Mjomba alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha wake alioupenda kuliko yote ulihusu seva. Hospitali yetu ilikuwa na seva moja kubwa, na ndani yake tuliweka mashine pepe kadhaa, kila moja ikijiona ni kompyuta kamili inayojitegemea. Katika kazi yetu ile kubwa huitwa mwenyeji, na za ndani wageni. Basi kila tulipowasha mpya, Mjomba alipiga makofi: "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Mimi, mpwa wake na fundi mwenzake, nilicheka mara ya kwanza. Baada ya hapo nilimwacha acheke peke yake.

Siku tulipomwandaa mgeni wa rekodi za wagonjwa, kwenye mtandao hatukubishana. Mgeni mwingine, wa majaribio, tulimficha nyuma ya mwenyeji, aweze kutoka lakini asifikiwe na mtu. Wa rekodi tulimpa njia ya moja kwa moja, kila wodi imfikie. Tuligombana tulipofika kwenye diski.

Kuna sehemu pale ya kuchagua, unabonyeza tu. Ukichagua subira, muuguzi akiandika kitu hajibiwi mpaka diski yenyewe ithibitishe kwamba imeandika. Ukichagua haraka, skrini inamjibu papo hapo, "Imehifadhiwa," kumbe maandishi bado yanasubiri zamu yao. Ni kama karani anayekwambia nimeshaandika, huku kalamu iko sikioni. Umeme ukikatika hapo katikati, hakuna kilichoandikwa.

"Mjomba, betri za akiba zimekufa," nilimwambia. "Tukiweka haraka tunacheza na moto."

"Jenereta ipo."

"Jenereta yenyewe inachelewa kuamka kuliko wewe."

Alicheka. "Mwanangu, wodini wanalia mfumo ni mzito. Juzi mke wangu kakaa kwenye benchi mpaka miguu ikavimba, eti ukurasa haujafunguka. Acha niwape haraka."

"Haraka haraka haina baraka."

"Hiyo tulifundishwa darasa la tatu," alisema, akabonyeza.

Nilikasirika, na mpaka leo nina hasira. Wodi zilipoanza kusifu kwamba mfumo sasa unaruka, alipita kwenye korido kifua mbele, akisalimia mpaka watu asiowajua.

Halafu mkewe akalazwa kwa homa ya mapafu. Mkaza mjomba huyu ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, kwa hiyo mniwie radhi nikisimulia vibaya. Asubuhi walimchoma sindano ya kwanza ya dawa aliyoandikiwa. Midomo ikavimba, koo likabana, wakamuwahi. Mimi nilikuwa jengo la pili nikitengeneza swichi za mtandao, haya niliyasikia baadaye. Muuguzi wa zamu alimpigia Mjomba kwenye chumba cha seva.

"Baba, usiwe na wasiwasi, mama ametulia. Ile dawa imemkataa. Nimeshaandika kwenye mfumo asipewe tena."

"Imekubali?"

"Imesema Imehifadhiwa."

Mjomba akashusha pumzi. Simu haijapoa mkononi, umeme ukakatika.

Jenereta ilikohoa sana kabla ya kushika. Mwenyeji akaamka, wageni wakaamka mmoja mmoja, rekodi zikafunguka bila kulalamika. Sisi mafundi ndivyo tulivyo: mgeni akisimama kwa miguu yake, tunasema mzima. Hatumuulizi amesahau nini. Mjomba akazipigia wodi zote simu kwamba kila kitu kiko sawa, waendelee na kazi. Alipopanda kumwona mkewe alimkuta amelala, akamfunika vizuri, akarudi chini.

Tangu mfumo uje, wauguzi walikuwa wameacha kukabidhiana wagonjwa kwa mdomo. Hata zile kadi zilizoning'inizwa miguuni pa kitanda ziliondolewa. Anayeingia zamu anasoma skrini. Muuguzi wa jioni alisoma, akakuta dawa iliyoagizwa na daktari, hakukuta katazo lolote. Akaandaa sindano. Safari hii hawakuwahi.

Baada ya mazishi muuguzi huyo alikuja nyumbani. Alikuwa binti mdogo tu, macho yamemvimba, akakaa sakafuni karibu na kiti cha Mjomba. Nilitaka kumfukuza, nikashindwa.

"Baba, naapa sikuona kitu kwenye skrini," alisema. "Na mama aliniuliza. Alisema, 'Hii si ile ya asubuhi?' Nikamgeuzia skrini aone mwenyewe. Akasoma, akatabasamu. Akaniambia, 'Basi itakuwa nyingine. Hiyo mashine ni ya mume wangu, haisahau kitu.' Akanyoosha mkono mwenyewe."

Binti akadhani anamfariji Mjomba, akaongeza, "Alikuamini, baba, mpaka mwisho."

"Asante, mwanangu," Mjomba alisema.

Nilikuwa na maneno yangu yote tayari, yote yakianza na nilikwambia. Nilimtazama ndugu wa mama yangu, mikono imelala mapajani utadhani si yake, na nikayameza. Yananikwama mpaka sasa.

Aliporudi kazini hakunisalimia. Alikaa, akafungua mipangilio ya mgeni wa rekodi, akahamisha diski kutoka haraka kwenda subira. Alibonyeza taratibu, halafu akabaki anaitazama skrini.

Hata chai haijaletwa, simu zilianza. Wodi ya kwanza, ya pili, kisha maabara: mfumo umerudi kuwa mzito, kulikoni? Mjomba alisikiliza ya mwisho, akanikabidhi simu.

Upande wa pili muuguzi alikuwa analalamika kwamba ameandika rekodi ya mgonjwa, na lile neno Imehifadhiwa linachelewa kutokea.

"Lisubiri," nilimwambia. "Lisipotokea, usiondoke hapo."