Sanduku Lililonyamaza

Mama Kengele alikuwa na masikio ya paka. Jina hilo alipewa na akina mama wa kikundi cha sala, kwa kuwa yeye ndiye aliyetunza kengele ndogo ya kuwaita. Wengine walinong'ona kwamba sababu ni nyingine: akianza kulia, hanyamazi. Mumewe alipofariki alimwachia nyumba ndogo, mwana mmoja, na ukuta mwembamba kati ya chumba chake na chumba cha mwana huyo.

Ukuta ndio uliomtesa. Mwanawe alikuwa mchomelea vyuma, na alikuwa amemwoa fundi simu, msichana mpole mwenye vidole vyembamba na miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Mama alimpenda mkwewe. Kasoro aliyoiona ni moja tu. Jioni, watu wakishakula na vyombo vikishaoshwa, mume na mke walijifungia chumbani na sanduku lao la gemu.

Lilikuwa sanduku la mbao, pana kama sinia, lenye kijiti chenye kichwa cha duara na vitufe vyenye rangi za peremende. Lilitoka kwenye ukumbi wa gemu uliokuwa pale kona kabla haujafungwa. Mwenye ukumbi alipouza vitu vyake, masanduku mawili pacha yalibaki mtaani. Moja alilichukua mchomelea. La pili lilikwenda nyumba ya jirani kwa mzee mmoja aliyeitwa Dereva, ambaye mgongo ulimkatalia lori, basi akabadili usukani kwa kijiti.

Hayo masanduku yalikuwa makuukuu na yalipiga kelele kama wazee wenye hasira. Kila kitufe kikibonyezwa, tak. Kijiti kikisukumwa, tak-tak. Mama Kengele alipiga magoti upande wa pili wa ukuta, akafumba macho.

"Bwana, uwakumbuke wagonjwa..." Tak. "Na wajane..." Tak-tak-tak. "Na wale wote..."

Akajikuta anahesabu tak, wagonjwa amewasahau.

Siku moja, asubuhi, uvumilivu ukamwishia. "Mwanangu," alimwambia mkwewe, "mimi si mtu wa maneno."

Mchomelea, aliyekuwa anafunga viatu mlangoni, alikohoa.

"Kohoa tu. Nasema mimi si mtu wa maneno, lakini hiyo mitak-tak yenu inanitoa kwenye sala. Nashindwa kuongea na Mungu wangu. Mnataka nihamie kwenye banda la kuku?"

"Kuku hawakubali, mama," alisema mwanawe. "Nao wanapenda usingizi."

Mkwe hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akasema, "Nimesikia, mama. Tusamehe."

Siku chache baadaye Mama Kengele alimkuta mkwewe mezani na sanduku limefunuliwa tumbo, nyaya zimetoka nje kama utumbo wa samaki. Vitufe vilikuwa kwenye kopo la maziwa. Kijiti kimelala pembeni, hakina kazi. Moyo wa mama ukaruka. Alikuwa amefunga na kuomba juu ya jambo hili hili, na sasa analiona kwa macho yake: sanduku linavunjwa.

"Mama," alisema mkwe bila kuinua kichwa, "ile kelele haitakusumbua tena."

Mama Kengele alinyoosha mikono juu. "Asifiwe!"

"Ila mama, nimeli..."

"Usiseme neno, mwanangu. Usiliharibu. Mungu akikupa mkate humuulizi unga ulitoka wapi."

Akatoka akiimba. Usiku ule alipiga magoti, akatega masikio. Kimya. Wa pili, kimya. Aliwaombea wagonjwa mpaka wakaisha, akaanza kuwaombea wazima.

Wiki ile, kwenye kikundi, alisimama kutoa ushuhuda. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema nyumba yake ilikuwa imevamiwa na sanduku, kwamba alifunga na kuomba, kwamba mwanawe na mkwewe wameliacha lile sanduku kwa hiari yao, bila ugomvi, bila fimbo. Alisema sanduku limevunjwa na yeye amekiona kifo chake. Vigelegele vikapigwa. Mama mmoja alilia. Mama Kengele aliketi akiwa amevikwa kilemba, asijue kwamba ni kilemba cha ukoka.

Kikundi kilipotawanyika, mke wa Dereva alimfuata. Alikuwa mshonaji, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni muda wote, hata kanisani.

"Mwenzangu," alisema, "na mimi niombee. Mzee wangu, nikimwita kula, ananiambia ngoja nimalize huyu. Huyu nani? Kikatuni! Nimekuwa mke mwenza wa kikatuni."

"Funga na uombe, dada."

Mshonaji alifunga. Aliomba mpaka midomo ikakauka. Kwa Dereva, tak-tak ikaendelea, tena ikaongezeka, maana mke aliyefunga hapiki sana na mume asiye na chakula hutafuta la kufanya. Akarudi kwa Mama Kengele akiwa amenyong'onyea.

"Labda imani yangu ndogo."

Hapo ndipo Mama Kengele alipopaswa kunyamaza. Mdomo huponza kichwa, na huu wa kwake ulikuwa tayari umeonja sifa. Akamshika mshonaji bega, akamwambia kwa sauti ya mtu aliyeshinda vita: "Sala ni mguu mmoja, dada. Mguu wa pili ni mkono wako. Kwangu mimi lile sanduku lilifumuliwa hadi tumboni. Usimbembeleze nyoka."

Kesho yake mshonaji alichukua pasi yake ya mkaa, ile nzito ya chuma, akalipiga sanduku la mumewe mpaka mbao zikapasuka na vitufe vikatawanyika chini kama meno.

Dereva hakumpiga wala hakumtukana. Aliokota vipande, akavifunga kwenye shati lake, akachukua godoro akahamia stoo. Chakula akipelekewa, anashukuru, anakula, anarudisha sahani. Kuongea na mkewe, haongei.

"Bora angenitukana," mshonaji alilia jikoni kwa Mama Kengele, futi imelowa machozi. "Anasema ahsante, mwenzangu. Ahsante, kama kwa mtu wa mgahawani! Ameniambia lile sanduku ndilo lililomshika mkono siku alipokabidhi funguo za lori. Mimi sikujua. Nilijua kikatuni."

Mama Kengele alimpa maji. Akamwahidi kwamba mwanawe atakwenda kuongea na mzee, mwanamume kwa mwanamume. Mshonaji alipoondoka, akaenda kugonga mlango wa chumba cha mwanawe.

Hakuna aliyeitika. Akagonga tena. Ndani kulikuwa na mwanga, na kimya kile kile alichokitolea ushuhuda mbele ya watu. Mtu mzima hafungui mlango wa chumba cha mwanawe aliyeoa. Hilo alilijua tangu hajazaa. Lakini alikuwa na haraka ya mshonaji, akasukuma.

Walikuwa wamekaa kwenye mkeka, migongo kwake, kila mmoja na kidude cha kusikilizia sikioni. Kwenye televisheni watu wawili walikuwa wanarushiana mateke. Na mapajani kwa mkwewe kulikuwa na sanduku. Lile lile. Mbao zimepigwa msasa, vitufe vipya, kijiti kipya, na vidole vyembamba vinaruka juu yake kama mvua juu ya mchanga. Bila tak hata moja.

Mchomelea ndiye aliyegeuka kwanza. "Mama! Kuna nini?"

Mama Kengele alikuwa amesimama, mkono kwenye kitasa. Akakaa pale pale kizingitini kama mgeni asiyekaribishwa.

"Si mlilivunja?"

Mkwe alitoa kidude sikioni. "Hapana, mama. Nilibadilisha vyombo vya ndani." Aliona uso wa mama unavyoshuka, akaongea polepole zaidi. "Ulisema kelele inakutoa kwenye sala. Vile vitufe vya zamani, chini vina swichi yenye kibati kinachoruka, ndicho kinacholia. Nikaagiza vyenye mpira ndani. Matundu yalikuwa madogo, nikayapanua kwa tupa. Kijiti nacho kilikuwa na swichi za kugonga. Hiki kinatumia sumaku, hakigongi kitu. Kimekuwa chepesi hata kuliko mwanzo. Nilitaka kukueleza, mama. Ukaniambia nisiseme neno."

"Nilikuambia."

"Nikajua hutaki kusikia habari za gemu."

Hakukuwa na uongo wowote chumbani mle isipokuwa wake. Mtoto wa watu alikuwa amekaa na miwani yake ya waya, ametoa akiba yake, amepanua matundu kwa tupa usiku, ili mama mkwe asali kwa raha. Na yeye akaenda kuliita sanduku lake nyoka mbele ya jirani.

Akawaeleza. Ushuhuda, vigelegele, mguu mmoja na mkono, pasi ya mkaa. Akamalizia kwa Dereva na godoro lake.

Mchomelea alijikuna kidevu. "Sasa mama, nani atajua? Sanduku halisikiki. Wewe nyamaza, sisi tunyamaze."

Ilikuwa njia, na kwa muda mfupi Mama Kengele aliitazama kama mtu anavyotazama mlango ulioachwa wazi. Sanduku lingekaa kimya, yeye angekaa kimya, na mshonaji angeendelea kuamini kwamba Mungu amemsikia jirani na yeye amemruka.

"Mke wa watu anadhani imani yake ndiyo mbovu," alisema mwishowe. Kisha akamgeukia mkwewe, akashindwa kumtazama machoni, akatazama miwani. "Vile vya zamani. Ulivitupa?"

"Fundi hatupi kitu, mama."

Kopo la maziwa lilitoka chini ya kitanda. Mkwe alilitikisa, na ndani yake vitufe vikalia.

Dereva alikuwa amekaa mlangoni pa stoo, mgongo kwenye mto, anamenya chungwa kwa kisu. Mke wake alikuwa kwenye cherehani upande wa pili wa ua, anajifanya anashona. Mama Kengele alisimama katikati, kwa sababu alitaka wote wamsikie kwa mara moja; mara ya pili hangeiweza.

"Shemeji, dada, mimi ni mwongo. Sikukusudia, lakini uongo ukishazaliwa hauulizwi baba. Sanduku la kwangu halikuvunjwa. Wanalicheza kila siku. Mkwe wangu alilitia vyombo visivyolia, na mimi nikasikia kimya, nikasema ni Mungu."

Cherehani ikasimama.

"Halikuvunjwa?" aliuliza mshonaji.

"Hata mkwaruzo halina. Limepigwa msasa."

"Na mimi nilifunga. Nilipiga kwa pasi, mwenzangu. Kwa pasi!"

"Mimi ndiye niliyekutia pasi mkononi."

Dereva alikula kipande cha chungwa, akatema mbegu kando. "Kwa hiyo," alisema, "shetani wa nyumbani kwako hakutoka. Alitiwa mpira tu."

Mkwe aliuma midomo. Mchomelea, aliyekuwa nyuma na ubao mpya begani, aligeuka kutazama ukuta. Mama Kengele hakucheka, wala hakujitetea. Joto lilimpanda kutoka shingoni hadi masikioni, yale masikio yake ya paka, akatamani angekuwa kiziwi.

"Ndiyo, shemeji. Mpira tu."

Dereva akaingia stoo, akatoka na lile shati lake lililofungwa. Alilifungua mapajani. Mkwe alipiga magoti mbele yake, akaanza kuchambua: hizi nyaya ni nzima, huu ubao mdogo wa umeme haujapasuka, hiki kijiti kimepinda. Akafungua kopo.

"Mzee, vyangu hivi ni vya zamani, vinalia. Ukitaka visivyolia, nitaagiza, usubiri."

"Vinalia?" Dereva alichukua kitufe kimoja chekundu, akakitia kwenye swichi yake, akabonyeza. Tak. Uso ukamfunguka. "Mwanangu, mimi nimeendesha lori maisha yangu yote. Chombo kisicholia nitajuaje kama kinafanya kazi? Nitilie hivi hivi."

Mchomelea alipima ubao, akatoboa matundu. Mkwe alilehemu nyaya mpaka jua likazama. Wakati wanajaribu, mshonaji aliinuka kwenye cherehani, akavuka ua, akasimama nyuma ya mumewe. Alivua futi shingoni, akaitumia kufuta vumbi la mbao kwenye bega la mzee. Mzee akamwambia, "Ngoja nimalize huyu." Kisha akakumbuka, akaweka sanduku chini. "Hapana. Chakula kipo?"

Kwenye kikundi, Mama Kengele alisimama tena. Ushuhuda wa kuondoa ushuhuda ni mfupi na hauna vigelegele. Wapo walioinamisha vichwa kwa kumhurumia, na hao walimuumiza kuliko yule mama wa nyuma aliyecheka wazi. Alipomaliza aliweka kengele mezani, mbele ya kiongozi. Kiongozi alimrudishia. "Itunze," alisema. "Nani mwingine ana masikio?" Watu wakacheka, na yeye akaibeba kengele nyumbani, ameishika ulimi isilie.

Mshonaji humsalimia mpaka leo. Wakikutana kisimani huulizana hali, hupeana chumvi ikipungua. Lakini hajamwomba tena amwombee. Mama Kengele husubiri aombwe, haombwi.

Jioni hupiga magoti. Kwa mwanawe, kimya. Ila dirisha lake linaelekea kwenye ua wa jirani, na mzee mwenye mgongo mbovu hulala kwa kuchelewa.

"Bwana, uwakumbuke wagonjwa..." Tak. "Na wajane..." Tak-tak-tak.

Angeweza kufunga dirisha. Huliacha wazi, akasubiri ile tak inayofuata, na ikija huinamisha kichwa zaidi.