Faili Lililobaki Chuoni

Kwanza ilisikika cherehani: tatatata, kimya, tatatata tena, kama mvua isiyojua inyeshe au ikatike.

"Dada, nakuomba, darasa linaanza!"

"Na suti itajishona yenyewe?" dada yake akajibu bila kuondoa mguu kwenye kanyagio. "Wewe kazi yako mdomo, mdogo wangu. Mimi mguu."

Waziri, ndivyo wenzake walivyombatiza kwa domo lake, akacheka, akaiweka sawa kompyuta ya kuazima juu ya meza ya kukatia vitambaa. Leo alikuwa anautetea utafiti wake wa mwisho, mtandaoni. Akipita, mahafali na suti. Akianguka, anarudia mwaka, na suti ining'inie msumarini.

Alikuwa amewauliza wanafunzi wenzake kuhusu masomo ya mtandaoni, na hitimisho lake liliwasha kama pilipili: kizazi kilichokua na simu mkononi hakihitaji kufundishwa kompyuta.

"Haya, tuonyeshe kazi yako," mhadhiri akasema kutoka kwenye skrini.

Akachomeka flashi, akabofya. Kompyuta ikamjibu kwamba faili halipo. Akabofya tena. Vilevile. Jasho likamchuruzika.

"Mheshimiwa, bajeti imekwama?" mwenzake mmoja akachokoza. Darasa zima likaangua kicheko.

"Mwalimu, nililinakili mwenyewe kwenye kompyuta ya maabara. Lilikuwa pale pale kwenye skrini, naliona!"

"Ulichokiona ni alama ya kulifungulia tu, na ndiyo uliyoinakili. Faili lenyewe umeliacha chuoni. Kwenye simu hujawahi kujiuliza mafaili yanakaa wapi, siyo?"

Cherehani ikanyamaza. Dada alikuwa amemkodolea macho, suruali ya mguu mmoja mkononi.

Waziri akavuta pumzi. Akawasha kamera aliyokuwa ameizima, akasimama wima.

"Takwimu ninazo kichwani, Mwalimu, nitazieleza zote. Ila hitimisho nalifuta sasa hivi. Wenzangu waliniambia kompyuta wanaiweza, nikawaamini kwa kuwa nilijiamini. Hata mmoja sikumkalisha mbele ya mashine nikamwona akifanya kazi. Mimi nimepima majigambo, yangu yakiwemo."

Safari hii hakucheka mtu. Akaeleza nani hujifunza kwa simu, nani huikwepa kamera na kwa nini, nani husinzia. Maswali yakamjia mfululizo, akayadaka yote.

"Umepita," mhadhiri akasema mwishowe. "Sura ya mwisho utaiandika upya. Lakini wale wa mwaka wa kwanza, wenye majigambo kama yako, nani atawafungua macho?"

"Mjibu basi," dada akanong'ona, mguu tayari kwenye kanyagio, "nimalizie suruali."

Waziri akaiinua flashi mbele ya kamera.

"Mimi, Mwalimu. Nakuahidi, siku yao ya kwanza maabara nitasimama mbele yao na flashi hii hii, niwaonyeshe nilivyoumbuka. Na hatoki mtu mle ndani mpaka ajue faili lake linalala wapi!"