Nimeshukia Hapa

Profesa hakuwa anatoa alama kama walimu wengine wa dunia hii. Yeye alikuwa anashuka. Ndiyo, anashuka! Anaanza kusoma tasnifu yako ukurasa wa kwanza, penseli mkononi, kama abiria aliyekata tiketi ya mwisho wa safari. Pale utakapomchosha, au utakapomzunguka, au utakapomwandikia sentensi isiyo na kichwa wala miguu, anapiga mstari na kuandika pembeni: "Nimeshukia hapa." Ukurasa alioshukia ndio alama yako. Na ili hesabu ikae sawa, tasnifu zake zote zilitakiwa ziwe na kurasa mia moja kamili, si tisini na tisa, si mia na moja. Akishuka ukurasa wa arobaini na tisa umefeli. Wanafunzi wakambatiza Profesa Shusha, na idara ilinung'unika mpaka ikachoka yenyewe, kwa sababu wanafunzi aliowapitisha yeye hawakuwahi kuanguka kwa mtahini mwingine yeyote.

Sasa mpe mtu kama huyo mwanafunzi ambaye ni mkunga. Mkunga wa miaka kumi na miwili kazini, mikono imepokea watoto hata idadi ameacha kuikumbuka, na mdomo haujui likizo. Kila mtu alimwita Sista, hata mumewe. Yeye mwenyewe likizo alikuwa nayo, ya masomo, na ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Alama zisipofika kwa mwajiri kabla ya hapo, shahada imekwenda na maji, anarudi wodini mikono mitupu, na ile nafasi ya kusimamia wodi ya wazazi anapewa mwingine.

Mara ya kwanza Profesa alishuka ukurasa wa nne. Sista alilia. Mara ya pili, wa kumi na tisa. Sista alitukana, kimoyomoyo, lakini alitukana. Mara ya tatu, thelathini na moja. Akaandika upya karibu kila kitu, akahamisha majedwali, akabadilisha mpaka shukrani. Mara ya nne karatasi zikarudi.

"Ngapi?" akauliza mumewe, fundi wa friji, kichwa kikiwa ndani ya friji la jirani.

"Thelathini na moja."

"Tena? Palepale?" Kichwa kikatoka. "Mke wangu, gesi ikivuja palepale mara mbili, hubadilishi friji. Unatafuta tundu."

"Mimi si friji," Sista akamjibu, akaingia ndani na kufunga mlango kwa nguvu. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alijua tundu liko wapi.

Kesho yake asubuhi alikwenda ofisini kwa Profesa, chumba cha mwisho cha korido, kile chenye dirisha lisilofunga mpaka lishindiliwe karatasi. Birika la umeme lilikuwa linachemka juu ya kabati.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Kaa. Si hapo, hapo wamekaa watu." Kwenye kiti palikuwa na rundo la tasnifu. Akalibeba kwa mikono miwili, polepole, akaliweka dirishani.

"Profesa, mimi nina watoto wawili, mume mmoja na siku tisa. Niambie kosa langu nilirekebishe, maana hivi unavyonishukia shukia, utanizeesha."

"Soma mwenyewe. Kwa sauti."

Sista akafungua ukurasa wa thelathini na moja. "'Ilibainika kuwa ucheleweshaji wa huduma kwa baadhi ya wazazi ulitokana na sababu mbalimbali za kiutendaji.'"

"Nani alibaini?"

"Utafiti."

"Utafiti una macho?"

"Lo! Profesa, ndivyo inavyoandikwa. Wote wanaandika hivyo."

"Na wote nawashukia. Haya, hizo sababu mbalimbali ni ngapi?"

Sista akanyamaza. Waliomfahamu wangeita daktari, maana Sista na kimya walikuwa hawajawahi kukaa chumba kimoja.

"Kurasa thelathini unaongea na mimi kama mtu," Profesa akasema. "Benchi lina msumari unaochana nguo, saa ya ukutani inakimbia, wazazi wananung'unika mpaka nawasikia. Nikifika hapa unanifungia mlango usoni. Umeandika upya kila kitu, Sista, hata nukta umezihamisha. Sentensi hii tu hukuigusa. Kwa nini?"

"Moja," akasema Sista.

"Moja nini?"

"Sababu. Siku ile ilikuwa moja tu. Mimi."

Akasimulia huku anaangalia mikono yake. Pale kliniki wazazi wakifika wanaweka kadi mezani, anayekuja nyuma anaiweka yake juu ya ile ya mwenzake. Kwa hiyo kabla ya kuanza kuita ni lazima ugeuze rundo, aliyetangulia awe juu. Kazi ya kufumba na kufumbua, hata mfagizi anaijua. Siku hiyo hakugeuza. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na msiba, alisahau tu. Aliyefika kwanza, kabla hata mlango haujafunguliwa, akawa wa mwisho. Mama yule alinyanyuka mara moja, akasogea mezani ameshika kiuno, akasema: "Sista, mimi nilikuwa wa kwanza." Na Sista, bila kuinua uso, akamjibu: "Mama, kadi hazidanganyi."

"Akajifungulia benchini," akasema. "Nilimpokea mtoto nimepiga magoti sakafuni. Mtoto mzima, mama mzima, Mungu alisaidia. Na alinishukuru, Profesa! Alinishika mkono akanishukuru, na mimi nikapokea shukrani zile nikaweka mfukoni. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mwaka wa tatu huu. Halafu nikaja hapa, kati ya mada zote za dunia nikachagua kuandika juu ya wazazi wanaochelewa kuhudumiwa."

Birika lilikuwa limechemka na kuzima, na Profesa hakuligusa.

"Mficha uchi hazai," akasema mwishowe. "Hivi kweli ni mimi wa kumwambia mkunga methali hii?"

"Nikiandika, watanifukuza kazi?"

"Sijui. Ningeweza kukudanganya, lakini na wewe ungenishukia."

Sista akacheka, kicheko chenye kamasi, na Profesa akamsogezea boksi la chaki akidhani ni la karatasi laini. Wakacheka wote wawili.

Mchana ule alikaa maktaba. Amini usiamini, mwanamke aliyeandika kurasa mia mara nne alishindwa na ukurasa mmoja mpaka saa kumi. Aliandika "ilisahaulika", akafuta. Akaandika "muuguzi wa zamu alisahau", akafuta. Halafu akaandika "nilisahau kugeuza kadi", na baada ya hapo maneno yakaja yenyewe, pamoja na lile neno la kadi hazidanganyi.

Asubuhi Profesa aliusoma ukurasa huo amesimama. Akafika chini, akageuza, akaguna.

"Hapa nimevuka. Ila alama siwezi kukupa mimi."

"Ha! Profesa, usinitanie."

"Sikutanii. Mimi sikukaa kwenye lile benchi. Kuna aliyekaa. Mpelekee, umsomee, na alama atakayoandika hapo chini ndiyo nitakayoijaza kwenye fomu. Hata kama ni tano."

"Yule mama ni fundi cherehani, Profesa. Tasnifu anaijulia wapi?"

"Fundi cherehani? Afadhali. Angalau anajua kupima."

Sista akazikusanya karatasi zake kwa hasira, na katika kuzikusanya ukurasa wa tisini na saba, ambao hakuutazama tangu zirudi, ukafunguka. Palikuwa na mkato uliosahihishwa kwa penseli. Wa themanini na nane, neno limezungushiwa duara. Karibu kila ukurasa, mpaka wa mia.

"Si ulishuka thelathini na moja?"

Profesa akajifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni pake. "Nilishuka. Nani amekwambia sikuendelea kwa miguu?"

Mzee wa watu! Sista alimpenda pale pale, kama mtu anavyompenda mjomba aliyemchapa udogoni na kumbe ndiye aliyekuwa akimlipia ada ya shule. Alitoka bila kuaga vizuri, asije akaonekana analia.

Duka la fundi alilijua. Kwa miaka mitatu alikuwa hapiti mtaa ule, anazunguka wa nyuma, na mumewe aliacha kuuliza kwa nini. Lilikuwa chumba kimoja, vyereheni viwili, vipande vya vitambaa sakafuni, na msichana mdogo wa miaka mitatu chini ya meza anapanga vifungo kwa rangi. Sista akamhesabia mtoto miaka, ndipo akasalimia.

"Habari za kazi, dada."

Fundi akainua uso. Hakushangaa. "Nzuri, Sista. Kaa, nimalize zipu hii."

Alipomaliza zipu, Sista akasoma. Alisoma kwa sauti kavu, haraka, na fundi akaendelea kupiga bandi pindo la gauni jeupe, sindano inaingia inatoka. Lilipofika lile neno la kadi, sindano ikasimama.

"Rudia hapo."

"'Nikamjibu: Mama, kadi hazidanganyi.'"

"Ndivyo ulivyosema," akasema fundi. "Nilijua, Sista. Kadi yangu ilikuwa na doa la mafuta ya cherehani kwenye kona. Nilikuwa naiona pale chini kabisa. Kila ukiita mtu nasema, sasa atashtuka, sasa ataigeuza."

"Kwa nini hukunisema? Ulinishukuru!"

"Nilikushukuru kwa kunizalisha, si kwa kadi. Na kukuambia nilikuambia, mara moja, ukanijibu. Halafu nikaona unavyotetemeka umemshika mwanangu, nikasema huyu atakuja kuniambia mwenyewe. Nikangoja." Akakata uzi kwa meno, akalilaza gauni mezani. "Huyo mwalimu wako anataka nini kwangu?"

"Alama. Katika mia."

"Mh! Na wewe unahitaji ngapi?"

"Chini ya hamsini nimefeli. Kazi ile ya kusimamia wodi nayo imekwenda." Akauweka ukurasa mezani. "Lakini andika unavyoona. Nimekuja unipime, sikuja kukuomba."

Fundi akamtazama juu mpaka chini, kama anayemchukulia vipimo. Akaomba kalamu, akauvuta ukurasa, akaandika kwa herufi kubwa za mtu anayeandika risiti tu.

Sitini.

"Arobaini nimekukata," akasema, "kwa kupita mtaa wa nyuma miaka mitatu. Ulidhani sikuoni? Mwanangu ameota meno, ametembea, ameongea, na mtu wa kwanza kumshika hapa duniani hajui hata sauti yake."

Hapo Sista akashindwa. Akainama mezani, akalia kwa sauti, bila haya, mpaka mtoto akatoka na vifungo vyake kuja kutazama kuna nini.

"Sitini unafaulu?" fundi akauliza.

Sista akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, anafaulu.

"Basi faulu, dada yangu. Na unyanyuke kwenye hilo gauni, mwenyewe anakuja kulichukua saa kumi."