Pengo la Pili

Kisu cha marehemu mume wangu, Antaras, kilikuwa visu viwili ndani ya ala moja. Kikubwa cha kukatia matawi na kuvunjia mifupa tupate uboho, na kidogo, kimebebwa ubavuni mwa mwenzake kama mtoto mgongoni, cha nyama na masikio. Mpini ni wa fundo la mti mweupe, ala ni ya pembe na ngozi. Chuma chake si kile kinachong'aa cha dukani. Ukikiacha na maji kinashika kutu kabla kahawa haijachemka, kwa hiyo unakifuta, unakipaka mafuta, ndipo unakirudisha. Antaras alinifundisha kukinoa tulipokuwa wachumba, na baada ya mwaka mmoja alikuwa ananiletea mimi kisu badala ya kukinoa mwenyewe.

Kisu cha masikio ndicho kinachotakiwa kuwa kikali kuliko vyote. Sisi watu wa kaskazini yenye theluji tunaishi kwa kulungu wa kufugwa, na kulungu hao wanazurura msituni wamechanganyika, wa huyu na wa yule. Kinachosema ni wa nani ni masikio. Kila mwenye mifugo ana alama yake ya mikato. Kiangazi ndama anakamatwa akiwa bado anamfuata mama yake, anakatwa alama ya mwenye huyo mama. Kisu kikiwa kikali ndama anatikisa kichwa kama anafukuza nzi, anakwenda zake. Kikiwa butu analia, na mama yake anakutazama kwa jicho ambalo hutalipenda. Vuli wote wanakusanywa bomani, kila mtu anatenga wake.

Alama yangu ni hii: sikio la kushoto limekatwa ncha, la kulia lina pengo moja kwa nyuma. Ya mdogo wangu wa kiume, Heika, ni hiyo hiyo, ila mapengo ya nyuma ni mawili. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Mtoto akizaliwa, baba anamtafutia alama iliyo jirani na yake, ili mtu akimwona kulungu porini ajue, aa, huyu ni wa nyumba ya fulani. Baba yetu alituweka karibu masikioni kama alivyotulaza chini ya ngozi moja. Kwamba alama yangu inaweza kugeuzwa kuwa ya Heika kwa mkato mmoja tu, na ya Heika haiwezi kamwe kuwa yangu, hilo hakuna aliyelisema. Angelisemaje? Ni sawa na kumwambia mtu, funga mlango, ndugu yako anakuja.

Vidole vyangu vilipoanza kukakamaa nilimpa Heika kile kisu. Kwanza alirudi nyuma.

"Dada, hiki ni cha shemeji. Nitakivaaje?"

"Kiunoni. Au ulitaka kukivaa kichwani?"

"Watu watasema."

"Watu wanasema hata ukipiga chafya. Chukua. Kikikaa ukutani kinakuwa pambo."

Akakivaa. Kuanzia hapo akawa anakata alama za ndama wangu pamoja na wake, na kila kiangazi analeta kisu nikinoe, maana yeye akishika jiwe ni kama anakwangua sufuria. Nami nakaa dirishani na jiwe langu na bakuli la maji. Nikimaliza nakijaribu kwenye ukucha wa dole gumba. Kikiteleza, kinarudi jiweni. Kikiuma ukucha, tayari.

Mwaka huu mjukuu wangu Inka alimaliza masomo mjini, akasema hatafuti kazi huko, anarudi kufuga. Wazazi wake wanaishi mbali na hawana hata kulungu mmoja. Alichokuwa nacho ni mimi. Nikamwita Heika, nikammiminia kahawa, nikatia ndani yake vipande vya jibini kama anavyopenda.

"Kwenye mkusanyo wa vuli," nikamwambia, "namkabidhi Inka alama yangu na wanyama wote, mbele ya msimamizi."

"Inka? Atachunga kwa simu?"

"Utamfundisha wewe."

Alichokoa jibini chini ya kikombe kwa kijiko, kipande kimoja kimoja, hadi likaisha. "Vizuri, dada," akasema. "Vizuri sana."

Haukupita muda akarudi na kisu.

"Ninolee kidogo. Kile cha masikio."

"Vuli hii? Masikio ya nani?"

"Kuna ndama walitukwepa kiangazi. Nataka niwawahi kabla ya mkusanyo."

"Wangu au wako?"

"Wengi ni wako. Watundu kama wewe."

Nilicheka. Nilikinoa kile kisu taratibu, nikijua kila ndama nitakayemnolea ni wa Inka. Nilipokijaribu, kiliuma ukucha kabla sijakikandamiza. Nikampa na nyama kavu ya njiani.

Siku ya mkusanyo theluji ilikuwa bado nyembamba. Kulungu walikuwa wanazunguka ndani ya boma, wote kwa upande mmoja kama kawaida yao, mvuke umesimama juu yao. Watu walikuwa katikati na kamba za kutupa. Jirani yangu Maaret aliniona nikiingia na mkongojo.

"Sire! Umekuja kuaga mifugo au kutumalizia kahawa?"

"Kahawa yako naijua. Nimekuja kuaga mifugo."

Nikamwonyesha Inka jike langu lenye pembe iliyopinda. "Ukimpata yule umepata ukoo mzima," nikamwambia. "Anatembea na binti yake siku zote." Na kweli binti alikuwepo, mtamba wa rangi ya majivu. Huyo nilimkata mwenyewe mwaka jana, kwa ukaidi tu, nijue kama mkono bado upo. Heika alikuwa amemshika mapajani, ananicheka, mimi nikakata.

Inka alirusha kamba, akakosa, akarusha tena, akampata yule mtamba. Akamvuta hadi kwangu. Nikashika sikio la kulia.

Pengo la kwanza lilikuwa limeota manyoya ukingoni, laini. Chini yake palikuwa na la pili. Hilo lilikuwa jekundu, na kigaga chake hakijakauka.

Mkato ulikuwa mzuri. Safi, bila mchano, mkato wa kisu kilichonolewa vizuri.

"Bibi?" Inka akasema. "Bibi, kuna nini?"

Nilikuwa nawatazama wengine wanaopita. Kila mtamba wangu, kila ndama mwenye afya, pengo la pili. Majike wazee Heika aliwaacha.

Heika alikuwa hatua chache kutoka nilipo, anakunja kamba.

"Heika. Huyu ni nani?"

"Mtamba."

"Wa nani?"

"Soma masikio, dada."

"Nimeyasoma. Nataka uniambie kwa mdomo."

Nuutti, msimamizi wetu wa mifugo, akaja, akainama, akakichungulia kile kidonda muda mrefu.

"Heika," akasema, "wa nani huyu?"

Mdogo wangu alimtazama mtamba. Mimi hakunitazama.

"Wangu," akasema.

Nilimlea yule. Mama yetu alikufa Heika hajaota meno yote. Nilimtafunia nyama mdomoni mwangu nikampa.

"Ulimshika mapajani nikamkata," nikasema. "Ulikuwa unacheka."

"Bibi Sire," Nuutti akasema polepole, "mimi naona kidonda. Mkono uliokata siuoni. Unaweza kushtaki, ni haki yako."

"Kisu nilikinoa mimi," nikasema. "Alikuja nyumbani kwangu nikamnolea."

"Jamani, Heika!" Maaret akasema.

Hapo ndipo alipolipuka. "Na nani amewatafuta kwenye barafu? Nani amelala nje nao? Yeye yuko dirishani na jiwe lake, mimi vidole vya miguu vimekufa! Halafu anampa mtoto wa mjini aliyekuja juzi!"

"Ulidhani nitakupa wewe?"

"Ulinipa kisu!" Sauti yake ilipasuka kama ya kijana. "Ulinipa kisu cha nyumba yako. Mtu anapewa kisu cha masikio cha nyumba, halafu mifugo anapewa nani?"

Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo, na nilipoliwaza pale nikaona lina ukweli wake. Lakini halikunitosha.

"Kama uliona ni wako," nikamwuliza, "mbona uliniambia unakwenda kuwakata ndama wangu waliokosa alama?"

Mkono wake ukashika ala kiunoni.

"Nipe kisu," nikasema.

Akakifungua kiunoni. Ala ilikuwa bado na joto lake.

Nuutti akasema wale wenye mapengo mawili watatoka kama walivyo, kwa jina la Heika, mpaka shauri liamuliwe, hawezi kufanya zaidi. Inka hakulia. Alikuwa ameshamwona ndama mmoja ubavuni mwa jike lenye pembe iliyopinda, ndama wa kuchelewa, masikio mazima, kichwa chini ya mama yake ananyonya.

"Huyo ni wenu, kila mtu anaona," Nuutti akasema. "Kateni sasa. Lango likifunguliwa hana alama, anakuwa wa ushirika wa wafugaji wote."

Tukamlaza. Nikampa Inka kile kidogo. Alipiga goti, akashika sikio la kulia kama nilivyomfundisha, akaweka makali nyuma. Mkono ukasimama hapo.

"Bibi, nikikata yetu, yeye ana kisu kingine nyumbani cha kuongeza pengo."

"Kata. Utampoteza."

"Nikikata ndiyo nitampoteza." Akainua uso. "Babu Nuutti, mtu akitaka alama mpya kabisa?"

"Majira ya kuchipua inaweza kuwa imepitishwa. Isifanane tu na ya mtu."

"Nataka isifanane na ya mtu yeyote wa nyumbani kwetu."

Aliyasema bila hasira, na ndiyo maana yaliniuma. Alama ile baba yangu alinitafutia nilipozaliwa. Nilimtazama Heika. Alikuwa anaikunja tena kamba ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

"Mwandikie hiyo mpya," nikamwambia Nuutti. "Na ndama?"

"Ndama hatoki langoni," Inka akasema. "Tunakwenda naye nyumbani, na mama yake. Tutawalisha nyasi zizini mpaka alama ije."

Akafuta kisu kwenye paja, kikavu, hakijakata kitu, akakirudisha alani. Tukamfunga ndama miguu. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na mikono yangu haikunisaidia. Heika akaja mbio, kwa mazoea tu nadhani, akainama ashike miguu ya nyuma kama tulivyofanya maisha yetu yote.

"Acha, babu," Inka akasema.

Akabaki ameinama, mikono wazi. Maaret akapita mbele yake, akashika miguu ya nyuma, tukampandisha ndama kwenye sleji ya kuburuza thelujini.