Maua Saba ya Demir

Mwana wa Demir alimchoma kisu Ventsi kwenye kituo cha mafuta, kwa ugomvi wa foleni. Ventsi akafa. Muuaji alishawekwa mahabusu, lakini watu wa mji wa Gorna Struga hawakumtaka yeye peke yake. Walitaka mtaa mzima wa Waroma, kabila la Demir, ng'ambo ya reli, uchomwe moto. Nimeishi miji mingi, na watu wanaosubiri kisingizio nawajua. Siku ya maziko walijaa langoni kwa marehemu.

Kamanda Rangel, mkuu wa polisi, alibakiwa na njia moja. Akamfuata Demir nyumbani.

“Twende ukampe pole Bibi Penka. Akikupokea mbele ya jeneza la mjukuu wake Ventsi, hakuna atakayevuka reli.”

“Na asiponipokea?”

“Vaa koti, Demir.”

Demir akakata waridi nane bustanini. Kule maua ya msiba lazima yawe shufwa. Witiri ni ya harusi na ya uzazi. Hata mtoto anajua.

Relini vijana wachache waliwazuia njia. Rangel akalichukua shada, akalipekua mbele yao, waone hakuna kisu.

“Afande, umeshaoa huko?” mmoja akamdhihaki. “Tuletee na sisi mashemeji!”

Jasho lilikuwa likimtoka Rangel. Ua moja likamvunjikia mkononi. Akalitupa, akamrudishia Demir yaliyobaki, wakaenda, na wale vijana nyuma yao.

Bibi Penka alikuwa uani, kando ya jeneza. Demir alipiga magoti, akanyoosha shada. Bibi naye akanyoosha mkono. Ulishayagusa majani pale macho yake yalipoanza kupita juu ya waridi, moja baada ya jingine.

“Saba,” akasema. “Umekuja harusini?”

Demir akayatazama maua, akaanza kuyahesabu kwa kidole.

“Bibi, ni mimi!” Rangel akaropoka. “Yalikuwa manane. Moja nimelivunja, nikalitupa.”

“Umemzika mama yako juzijuzi, Rangel. Wewe ndiye wa kutupa ua la maiti?”

Rangel akawageukia vijana wa relini. “Nyinyi mliniona. Semeni!”

“Sisi?” akajibu yule aliyetaka mashemeji. “Tumeona nini sisi?”

Bibi akarudisha uso kwenye jeneza. Waliokuwa langoni hawakuhitaji neno jingine.

Rangel akamtoa Demir kwa mlango wa nyuma, wakavuka reli mbio. Sevda, mke wa Demir, alikuwa anapakia magodoro kwenye gari.

“Bakini,” Rangel akasema akihema. “Nitaweka askari barabarani.”

“Askari gani, afande?” Sevda akauliza.

Rangel akageuka. Umati ulishafika relini. Askari wake, vijana wa mji uleule, walikuwa wamesogea kando kuupisha, na mmoja alikuwa anamwashia sigara binamu yake aliyekuwa umatini.

“Basi shika upande huu,” Sevda akasema.

Rangel akalishika godoro.